Matanga ya Dalali

Dalali alikufa asubuhi, kipande cha ndizi bado kimo shavuni, na kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Bigwa, Pelagia Kunambi alikuwa amekwisha kukata shauri. Panya huyu atafanyiwa matanga, tena matanga kamili, na asiyependa abaki kwake.

Hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Alitandika mkeka barazani, akatoa viti uani, akakoka moto, akajifunga kanga na kuketi. Dalali alimlaza kwenye ungo, amefunikwa kitambaa cheupe, mkia wake mrefu wenye ncha nyeupe umekunjwa ubavuni kama alivyopenda kuukunja mwenyewe. Alikuwa panya buku, mkubwa kukaribia paka, mwenye mashavu ya kuhifadhia nusu ya soko. Jina alipewa na mtaa, kwa sababu hapakuwa na nyumba ambayo hakujua kinachopikwa ndani yake. Miaka yote aliyoishi alipita mjini Morogoro ameketi begani kwa Pelagia, pua mbele, akimnusa kila waliyepishana naye, na wapo watu wazima na akili zao waliomsalimia yeye kwanza na Pelagia baadaye.

Pelagia alilia. Hakujifunika uso wala hakusingizia moshi. Alikuwa na miaka sitini na ushei, amewazika wazazi na mume, na alijua vizuri tofauti ya misiba hiyo na huu. Ila alijua pia kwamba kuanzia kesho asubuhi hakuna atakayemvuta sikio ili aamke, na hilo lilimuuma mahali ambapo hakuna ndugu aliyewahi kufika.

Majirani walipita polepole, wakachungulia, wakapita tena. Mmoja alicheka nyuma ya ua.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Pelagia alisema kwa sauti ya kufika uani kwa watu. "Anayecheka acheke aje akae. Chai ipo."

Aliyekuja hakuja kukaa. Sauti yake ilitangulia mwili.

"Mboga jamani! Mboga yetu imetutoka bila kuaga!"

Alikuwa Semvua, jirani wa ng'ambo ya barabara, fundi wa mwewe, yaani vile vyombo vya mabawa vinavyoshusha mizigo kutoka milimani na kutia kuku wazimu. Alikuwa Mzigua wa Handeni, na kwa hiyo mtani wa Waluguru wote kwa haki aliyoachiwa na mababu. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Alijitupa chini mbele ya ungo, akapiga ngumi ardhini, akalia machozi yasiyokuwepo.

"Mluguru, nimekuja na ndimu na pilipili. Marehemu anachomwa au anatiwa nazi?"

"Ukimgusa nakuzika naye, Mzigua."

"Nizike. Ila mnizike na ugali, nisifike ahera nina mboga tupu."

Nyuma ya ua kicheko kililipuka, na safari hii kilikuwa kicheko cha msibani, kile kinachoruhusiwa. Watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakasema pole, wakachukua viti. Ndiyo kazi ya mtani. Mwingine yeyote angetamka maneno yale angefukuzwa kwa ufagio, lakini mtani akiyatamka, msiba unapata mlango na watu wanajua pa kuingilia.

Walimzika chini ya mpapai. Kaburi lenyewe lilikuwa la kuchimbwa kwa jembe la bustani, lakini Semvua aliingiza mguu mmoja ndani na kugoma kuutoa mpaka aahidiwe jogoo. Pelagia alimwahidi jogoo siku ya kuanua matanga. Mguu ukatoka.

Kitu kimoja hakukizika. Kilikuwa kofia ya nyuzi, ndogo kama kisahani cha kikombe, ambayo Dalali aliivaa kazini tangu utotoni. Alfajiri ile aliivuta kwa kucha, na Pelagia, akidhani ni joto, alimvua. Akaitia kwenye pindo la kanga na kuisahau hapo.

*

Aliyemkumbusha ni Dokta Eliakunda Mrutu, mkuu wa mahali ambapo serikali ilipaita jina refu na mji mzima ulipaita Kituo cha Pua. Alikuja kwa miguu kabla ya maziko, akaketi mkekani bila viatu, kisha akainama.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

"Hujapoa, na mimi sijapoa. Lakini nikikaa hapa nisikwambie, nitakuwa mnafiki. Vitambaa vya Lukwale vimeshuka leo."

Pelagia alielewa. Hakuhitaji kuelezwa. Tangu masika yalipoanza kuchukua nusu ya mwaka, kuvu jeupe lilikuwa limeingia vijiji vya juu ya Uluguru, kwenye mapaa, kwenye magunia, na hatimaye kwenye vifua vya watu. Likikamatwa mapema lilitoka kwa dawa ya kunywa. Likikomaa halikutoka. Mashine za hospitali ziliona kuvu lililokwisha kukomaa tu, na panya wengine wa Kituo hawakuzishinda kwa mengi, maana walifundishwa kwa pumzi za watu waliokwisha kulala kitandani. Dalali peke yake ndiye aliyelinusa likiwa changa. Hakufundishwa. Alijifunza mwenyewe begani kwa mlezi wake, akikutana na watu sokoni kabla hawajakohoa hata mara moja, akiwanusa tena baadaye wakiwa wagonjwa, akiunganisha mwanzo na mwisho. Watu wa kijiji walipumulia vitambaa, mwewe akavileta, Dalali akapita juu yake. Kitambaa alichokiparura, mwenye nacho alianza dawa siku hiyo hiyo.

"Lukwale kijiji kizima kimepumua," Eliakunda alisema. "Na masika hayajaisha."

"Wanusishe hao wengine."

"Tumewanusisha. Hawajaparura hata kimoja. Mama, wewe unaamini Lukwale hakuna hata mmoja?"

Pelagia aligusa pindo la kanga. Eliakunda aliuona mkono, akaelewa kofia iko wapi.

"Nakala ya akili yake imo humo," alisema. "Imekamilika mpaka alfajiri ya leo. Inaweza kumiminwa ndani ya panya mwingine. Lakini sheria unaijua. Bila sauti ya mlezi haiamki, na bila ridhaa yako mimi siigusi."

"Niache nizike kwanza," Pelagia alisema. "Nimalize kuzika, ndipo nije nikuone."

*

Chumba cha kumiminia kilikuwa na dirisha moja, meza moja, na kizimba cha kijani. Ndani ya kizimba alikuwemo panya buku jike, kijana, mwenye sikio moja lililokunjika. Hakuwa na jina. Kituoni hapo palikuwa na desturi kwamba chombo, yaani mnyama wa kumiminiwa, hakipewi jina, kwa kuwa hakuna anayependa kumwaga kitu chenye jina.

Pelagia alifungua mlango wa kizimba bila kuuliza. Jike lilimnusa vidole, likapokea karanga, likaitafakari, kisha likashuka mezani kwa haraka na kwenda kuisokomeza ndani ya kandambili ya Pelagia, chini ya vidole vya mguu.

"Huyu ana kazi gani hapa?"

"Hiyo. Kuficha karanga kwenye viatu vya watu," Eliakunda alisema. "Pua yake ni ya kawaida. Kichwa ni kizuri, kina nafasi."

"Nafasi. Na Dalali akiingia humo, huyu anakwenda wapi?"

Eliakunda alikuwa mtu mkweli, na huo ndio uliokuwa mzigo wake. "Anafutika," alisema. "Njia za Dalali zinachomwa juu ya zake. Akiamka ni Dalali. Hatajua kwamba alikufa, maana ulimvua kofia kabla. Atajua tu kwamba jana alikuwa na wewe, na leo yuko na wewe."

"Na mwili ukizeeka?"

"Unamimina kwa mwingine. Kofia ikibaki nzima, Dalali hana mwisho."

Pelagia alijua kwamba walezi wengine walikubali bila kupepesa. Alijua pia kwa nini sheria ilikaza kamba. Watu walikuwa bado wanamsimulia yule tajiri aliyejaza jumba mbwa wenye kumbukumbu moja, kila mmoja akiamini kiti cha mbele ni chake, mpaka wakamalizana. Tangu hapo nakala haizai nakala. Kila mnyama kofia moja, kila kofia mlezi mmoja.

Eliakunda aliiweka kofia juu ya kioo cha meza, na ukutani zikajitokeza alama, madoa ya rangi yakiwaka na kufifia.

"Hizi ni harufu anazozibeba. Hili ni kuvu changa. Hizi ni ndizi, za aina nyingi kuliko ninazozijua mimi. Na hili kubwa la katikati, ambalo halizimiki hata mengine yakizimika..." Aligeuka kumtazama. "Hili ni wewe, mama."

Pelagia alisimama mbele ya ukuta. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka kulisema pale pale, kwa nguvu, na alikuwa na sababu nzuri ya kulisemea: kijiji kizima kimepumua na kinangoja. Nani angemlaumu? Hata yeye asingejilaumu, na hapo ndipo aliposhtuka. Alijijua vya kutosha kutambua kwamba sababu ya Lukwale ilikuwa ya kweli, na kwamba nyuma yake ilikuwa imejificha nyingine, inayotaka tu kuvutwa sikio asubuhi.

Chini ya vidole vya mguu wake wa kushoto ile karanga ilikuwa inambana.

"Kesho naanua matanga," alisema. "Njoo ule. Nitakujibu nikiwa nimesimama."

*

Watu walikuja wengi kuliko siku ya maziko, kwa sababu habari za jogoo zilikuwa zimeenea. Eliakunda alipewa kiti karibu na mlango. Pelagia alikuwa amenyoa nywele, bado ananuka moshi wa moto wa uani, na hakuwa ameoga kwa sabuni tangu msiba uingie, kama alivyofundishwa na bibi yake.

Semvua alitokea jikoni amefunga shuka kiunoni, na kipande cha kamba nyeupe kinaburuzika nyuma yake kwa mkia.

"Marehemu amerudi kuhesabu ndizi zake!" alitangaza. "Kofia yangu iko wapi?"

Alinyoosha mkono. Kwa desturi mtani huvaa nguo ya marehemu siku hiyo, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, na mfiwa hana haki ya kumnyima. Eliakunda aliinuka nusu kutoka kitini. Ile haikuwa nguo, ilikuwa ubongo wa kiumbe. Pelagia alimwashiria aketi, akafungua pindo la kanga na kutoa kofia. Semvua aliiweka juu ya upara wake, ikakaa pale kama kifuniko cha chupa juu ya tikiti.

Kisha akawa Dalali. Hakuna neno jingine la kulisema. Alitembea kwa magoti, pua juu, akiyavimbisha mashavu. Alimnusa mwenyekiti wa mtaa kwapani na kuzimia. Alificha chapati tatu ndani ya shati. Mwewe mmoja alipopita juu ya mapaa alijibanza chini ya meza akitetemeka, na wote wakapiga kelele, maana Dalali alifanya hivyo hivyo. Mwishoni akamfikia Pelagia, akamkazia macho, na kumvuta sikio taratibu.

Pelagia alicheka. Alicheka mpaka kanga ikamteleza, mpaka mbavu zikamuuma, na machozi yakatoka pamoja na kicheko bila kugombana. Kwa kitambo kile Dalali alikuwepo. Kila aliyekuwepo uani alimwona. Na hakuna hata mmoja aliyesahau kwamba aliyepiga magoti ni Semvua.

Chakula kilipoletwa, Semvua aliinuka, akavua kofia kwa mikono miwili, akamrudishia.

"Mbona mapema?" mtu alimtania. "Kula nayo!"

"Sili na nguo za marehemu," Semvua alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania. "Mimi naazima tu. Nikila nayo, nikalala nayo, kesho mke wangu atamfungulia nani mlango? Na nyinyi mtamlilia nani, ikiwa marehemu anazunguka mtaani anadai chapati?" Akamgeukia Pelagia. "Haya, Mluguru. Jogoo wangu. Paja usilifiche, nimeliona."

Pelagia hakumpa paja. Alikuwa amesimama wima na kofia kiganjani, anamtazama Eliakunda.

"Dokta. Inaazimika?"

"Nini, mama?"

"Nakala. Lazima ichomwe? Haiwezi kuvaliwa ikavuliwa?"

Eliakunda alifikiri, mkono bado una tonge. "Inaweza," alisema polepole. "Nyuzi zikigusa bila kuchoma, njia za Dalali zinaamka juu ya zake kwa muda, kisha zinarudi kwenye kofia, na mwenye kichwa anabaki alivyo. Lakini hatufanyi hivyo. Kila ikivaliwa inachakaa, kama nguo yoyote. Baada ya masika haya itakuwa tupu. Mama, ukimmimina unaye siku zote. Ukimwazima unammaliza kwa mikono yako."

"Na yule jike, akivaa na kuvua, atakumbuka kitu?"

"Pua yake itakuwa imepita njia zile. Baadhi ya njia zikipitwa mara nyingi hushika. Siahidi."

"Sijakuomba ahadi."

"Na kila jioni itabidi uagane naye. Yeye hatajua. Kila asubuhi ataamka akidhani ni ile alfajiri. Wewe ndiye utakayejua, kila siku."

"Basi nitajua kwa niaba yake," Pelagia alisema. "Ndiyo kazi ya aliyebaki."

Kisha akampa Semvua paja, na firigisi juu yake.

*

Asubuhi iliyofuata mambo yaliharibika. Eliakunda alimvika jike kofia, taa zikawaka sawasawa, Pelagia akapiga ulimi mara mbili na kuita kama alivyoita siku zote: "Dalali, mzigo umefika!" Sikio lililokunjika lilisimama. Macho yakabadilika. Kichwa kikageukia sauti kwa furaha, pua ikavuta hewa, na papo hapo panya akaruka nyuma, akapiga yowe, akajibanza kwenye pembe ya kizimba anatetemeka kama aliyeonyeshwa mwewe.

Waliita tena. Yowe likazidi.

Eliakunda alikagua nyuzi, akakagua kioo, akakagua nyuzi tena. "Sielewi. Yuko. Ni yeye. Kila alama imewaka isipokuwa ile kubwa ya katikati."

Pelagia alimtazama panya, kisha akajinusa mkono. Akaketi kitini na kuanza kucheka peke yake.

"Vua," alisema. "Usimtese. Kosa ni langu. Kilichomwita ni sauti yangu, na kilichomfikia puani ni moshi wa msiba. Bado sijaoga."

"Lakini matanga si uliyaanua jana?"

"Niliwaanulia watu," Pelagia alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa bado nimekaa."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Akachota maji, akachukua kipande cha sabuni ya mwarobaini aliyoitumia miaka yote, akaoga muda mrefu akisikia moshi ukimtoka. Alilia humo bafuni, kilio cha mwisho cha mkekani, kisha akajifuta, akapaka mafuta yake ya nazi, akavaa gauni lake la kazi na kurudi Kituoni ananuka Pelagia.

Safari hii hakuita hata mara mbili. Panya alipanda mkono, akapanda bega, akajikunja shingoni mwake, akamvuta sikio. Mwili ulikuwa mwepesi kuliko wa Dalali na manyoya laini zaidi, lakini namna ile ya kuvuta, kwanza polepole na halafu kwa dharau, ilikuwa ya mmoja tu duniani. Ukutani lile doa kubwa lilikuwa linawaka mpaka linaumiza macho.

"Kazi, Dalali," Pelagia alisema. Sauti yake haikutetemeka, na alijivunia hilo.

Vitambaa vya Lukwale vilitandazwa mezani. Dalali alipita juu yake kwa mwendo wake ule wa afisa anayekagua gwaride. Akapita, akapita. Akasimama. Akaparura. Akapita tena, akasimama, akaparura, na Eliakunda, aliyekuwa amebana pumzi, akaanza kutuma majina mlimani huku analia waziwazi. Saa ya chakula mwewe walikwisha kuondoka na dawa.

Jioni Pelagia alimketisha Dalali mapajani, akampa kipande cha ndizi, akamkuna chini ya kidevu mpaka macho yakafumba.

"Nenda salama," alimwambia, na akamvua kofia.

Yale macho yalipofumbuka hayakuwa yake. Jike lilijitikisa, likashangaa kukuta ndizi mdomoni, likaitema. Likatafuta karanga mezani, likaipata, likashuka kwa haraka kwenda kuisokomeza kwenye kandambili. Pelagia aliliangalia linavyohangaika na kiatu, na moyo wake ulikuwa umevunjika na uko mzima kwa wakati mmoja.

"Chombo hakina jina," alimwambia Eliakunda. "Basi huyu si chombo tena. Huyu ni Pekecha."

*

Masika yalikwenda hivyo. Kila asubuhi alimwamsha Dalali, kila jioni aliagana naye, na vijiji vikapokezana vitambaa. Watu walimwambia atachoka. Alichoka. Siku nyingine alirudi nyumbani akakaa chini ya mpapai bila kupika, na Semvua alimletea ugali akimtukana ukoo mzima ili ale. Lakini hakuwahi kujuta, na aliyemuuliza alijibiwa kwa mkato.

Kofia ilichakaa kama walivyoambiwa. Kwanza Dalali alisahau aina za ndizi. Kisha akasahau kuogopa mwewe, jambo lililomfurahisha Semvua kupita kiasi. Harufu ya kuvu ilififia kidogo kidogo ukutani. Doa la katikati lilikataa kufifia.

Ikafika asubuhi moja ambapo mvua ilikuwa imepungua na kuwa manyunyu, na vitambaa kutoka kijiji cha juu kabisa vilikuwa vimekwisha kutandazwa. Pelagia alifungua kizimba, akageuka kuchukua kofia. Nyuma yake alisikia kucha.

Pekecha alikuwa mezani. Hakuwa na kitu kichwani. Alikuwa amesimama juu ya kitambaa kimoja, sikio limekunjika vilevile, na alikuwa anaparura. Hakuparura kwa mtindo wa Dalali. Dalali alikuwa na mikwaruzo miwili mirefu, ya kibwana. Huyu aliparura haraka haraka, kama anayezika karanga. Akaacha, akavuka vitambaa kadhaa, akaparura tena. Kisha akamtazama Pelagia kuona kama amekosea.

Eliakunda alikimbilia kioo cha mashine ya hospitali iliyoletwa hapo, ambacho siku hizi kilikuwa kimefundishwa kuiga pua ya Dalali. Hakikuona kitu. Akapendekeza wamvike kofia wahakikishe.

"Ngoja," Pelagia alisema.

Aliishika kofia kiganjani. Ndani yake bado kulikuwa na kiasi cha Dalali. Kulikuwa na asubuhi kadhaa za kuvutwa sikio zilizobaki humo, na hakuna sheria iliyomkataza kuzitumia. 

"Tuma majina," alisema hatimaye. "Yote aliyoyaparura. Dawa hiyo haimdhuru mzima, na siku zitatuambia kama alikosea."

"Na Dalali?"

"Dalali amemaliza kazi yake."

Siku zilipowaambia, Pekecha hakuwa amekosea. Lakini Pelagia hakungoja. Mchana ule ule alikwenda nyumbani, akachukua jembe la bustani, akafukua kidogo chini ya mpapai. Pekecha alikuwa begani kwake, ananusa udongo kwa adabu ya mgeni. Semvua aliona jembe kutoka ng'ambo, akavuka barabara, akaingiza mguu mmoja ndani ya shimo.

"Mzigua, toa mguu."

"Nani kafa?"

"Yule yule."

Semvua aliiona kofia. Alimtazama Pelagia usoni. Akautoa mguu bila kudai jogoo.

Pelagia aliiweka kofia chini, na lile doa moja likiwa bado linawaka ndani yake, akafukia kwa mikono. Akapiga ulimi mara mbili, kwa mazoea. Juu ya bega Pekecha alisimama, akamnusa shavu, akasogea mpaka sikioni. Hakulivuta. Alilichunguza kwa makini, akaona nafasi iliyomo, akatoa karanga shavuni mwake na kuisokomeza humo.